Maswali na Majibu ya Karakana: Gitaa la Mapajani, Kuanzia Ubao hadi Vanishi

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, gitaa ambalo hulazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi zake, nikaeleza kwamba huwa nayatengeneza kwa mkono, moja moja, baada ya kumaliza kazi ya vitanda na makabati inayonilisha. Aya hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyozizunguka. Nimechagua saba, na pale ambapo wasomaji kadhaa waliuliza jambo moja nimeweka barua iliyolieleza vizuri zaidi.

Ndugu fundi, hilo gitaa unalolisema lina tofauti gani na gitaa la kawaida? Mimi ni seremala wa milango na madirisha, sijawahi kutengeneza chombo cha muziki hata kimoja. Je, naweza kuanza na hili? — Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, ukiweza kutengeneza mlango unaofunga bila kusukumwa kwa goti, nusu ya kazi hii umekwisha kuijua. Gitaa la kawaida lina sehemu mbili zinazomtoa fundi jasho. Ya kwanza ni shingo, ambayo lazima iwe nyembamba ya kutosha kushikika na bado isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Ya pili ni freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni, ambavyo lazima vilingane kimo kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Gitaa la mapajani halikudai lolote kati ya hayo. Nyuzi zake zimeinuliwa milimita 10 hivi juu ya ubao, mpigaji hazibonyezi, na chuma anachokishika kwa mkono wa kushoto ndicho kinachokuwa freti inayotembea. Kwa hiyo shingo inaweza kuwa nene kama boriti, na freti hubaki kuwa mistari tu ya kuongoza macho.

Upigaji huu ulianzia Hawaii. Anayesifiwa kwa kuubuni ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 na kukulia Laie, katika kisiwa cha Oahu. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi, yapata mwaka 1889, alijaribu kutelezesha kitana na kisu juu ya nyuzi kabla ya kujichongea kipande cha chuma kinachomfaa. Aliondoka visiwani mwaka 1904 kwenda Marekani bara, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 muziki wa Hawaii ukawa homa nchini humo. Huko Los Angeles, katika miaka ya 1920, Hermann Weissenborn, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa akitengeneza magitaa ambayo hata shingo yake ni sanduku tupu lenye uwazi ndani, kwa mti wa koa, ambao ni wa jamii ya migunga na huota Hawaii peke yake. Kisha mwaka 1932 likaingia sokoni gitaa la umeme la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, ambalo watu walilibandika jina la kikaango kutokana na umbo lake. Wengi husahau kwamba gitaa hilo, ambalo ndilo la umeme la mwanzo kuuzwa kwa mafanikio, lilikuwa la mapajani.

Nakushauri uanze na la umeme, kwa sababu mwili wake ni ubao mmoja usio na uwazi. Tafuta ubao wa urefu wa milimita 800, upana wa 150 na unene wa 40, usio na fundo wala ufa. Nyuzi sita zikikazwa zote pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mfuko wa saruji, na ubao wa unene huo hautatikisika. Kile kijiti cha upande wa kichwa kinachobeba nyuzi, ambacho karakanani kwangu tunakiita kizingiti, pamoja na daraja la upande wa pili, unaweza kuvikata kutoka kwenye engo moja ya alminiamu inayouzwa kwa mafundi wa madirisha. Vikitoka katika kipande kimoja, kimo chake kitalingana bila wewe kuhangaika.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana ninayejifunza useremala, na huku kwetu mninga haukosekani. Wenzangu wananiambia kwamba chombo cha muziki cha kweli ni cha mpingo. Nichague upi? Pia nina mjomba anayeishi Ujerumani ambaye anataka nimtumie gitaa hilo likikamilika. — Msomaji, Tabora

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesikia, kwa haki, kwamba mpingo ndio mti unaotengenezwa klarineti na obo duniani kote, lakini kinachofaa kwa filimbi si lazima kifae kwa ubao wa mapajani. Piga hesabu. Ubao wa vipimo nilivyompa msomaji wa Mombasa, ukiwa wa mninga mkavu, utakuwa na kilo tatu hivi. Ukiwa wa mpingo utapita kilo sita hata kabla hujafunga chuma chochote, na mjomba wako ataondolewa hamu kabla wimbo wa tatu haujaisha. Mpingo ni mzito hata maji hayaubebi. Utumie kwa ubao mwembamba wa juu wenye mistari, unene wa milimita tano au sita, ambapo weusi wake huipa mistari myeupe nafasi ya kuonekana.

Mninga una sifa ambayo mafundi wa samani tunaijua na tunaitegemea: ukishakauka hautembei sana, hausinyai wala hauvimbi kwa kiasi cha kutisha. Kwa gitaa hilo ndilo jambo la kwanza. Mkangazi pia unafaa na huchongeka kwa upole zaidi. Mvule nimeutumia mara moja na sitaki kurudia, kwa kuwa ndani yake hujificha mawe ya chokaa ambayo mti wenyewe huyatengeneza. Patasi yangu ya milimita 20 ilikutana na moja lililolingana na punje ya mahindi, na meno yaliyobaki kwenye makali yake niliyanoa mchana kutwa. Vumbi la mvule, na la mpingo vilevile, huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo vaa barakoa hata kama mwalimu wako havai.

Kuhusu mlio, nitasema ninavyoamini, na wapo mafundi watakaonipinga. Katika gitaa la umeme la mapajani, mti si mchawi. Kikaango cha mwaka 1932 kilikuwa cha alminiamu ya kumimina, na mwaka 1935 kampuni hiyo hiyo ikatoa jingine la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya simu za zamani, na yote mawili yanatafutwa na wapigaji mpaka leo. Kilichoisumbua alminiamu hakikuwa mlio, bali ni kwamba ilitanuka kwa joto la taa za jukwaani na nyuzi zikapoteza ulinganifu katikati ya onyesho. Usitafute mti wenye jina. Tafuta ubao mnyoofu uliokauka. Upime kwenye mizani kila Jumapili na kuandika uzito wake, na pale utakapopita wiki tatu bila kupungua ndipo uanze kukata.

Kwa upande wa safari ya Ujerumani, mpingo na miti mingine ya jamii yake iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 2017, ila tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilitolewa katika sharti hilo. Maana yake ni kwamba gitaa lililokamilika lina njia, lakini kipande kibichi cha mpingo utakachomwekea mjomba kama zawadi kinahitaji kibali. Kabla ya kufunga mzigo pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize na masharti ya nyumbani, kwa kuwa hayo ni mengine.

Fundi, nimetengeneza gitaa la nyuzi sita, urefu wa milimita 600 kutoka kizingiti hadi daraja. Karibu na kichwa linalia vizuri, lakini kadiri ninavyopanda kuelekea darajani sauti inazidi kukengeuka. Nilipima kila pengo kwa rula kutoka mstari uliotangulia. — Msomaji, Kisumu

Kosa lako umelitaja mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Ukipima kila mstari kutoka kwa jirani yake, unarithi kosa lake na kuongeza lako. Kosa la theluthi moja ya milimita ni dogo, tena ni la heshima kwa mtu anayetumia rula, lakini likirudiwa mara 12 kuelekea upande ule ule linakuwa milimita nne. Karibu na mstari wa 12 wa gitaa lako, pengo zima la nusu-toni, yaani kutoka mstari mmoja hadi unaofuata, halifiki milimita 18. Milimita nne hapo ni zaidi ya moja ya tano ya nusu-toni, na sikio lisilo na mafunzo yoyote litakunja uso.

Kanuni yenyewe si ngumu. Gawa urefu wa uzi kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa mstari wa kwanza kutoka kizingiti. Toa jibu hilo katika urefu wote, gawa kilichobaki kwa namba ile ile, na uendelee hivyo. Kwa milimita 600, mstari wa kwanza utakaa kwenye 33.7, wa pili 65.5, wa tatu 95.5, wa tano 150.5, wa saba 199.5 na wa 12 utaangukia 300 kamili, nusu ya safari. Andika namba zote kwenye karatasi kwanza, kisha bana rula ndefu ya chuma kwa klempu mbili na upime kila mstari kutoka kwenye uso wa kizingiti bila kuiondoa rula mahali pake. Chora kwa ncha ya kisu, si kwa penseli, kwa kuwa mchoro wa penseli butu peke yake una unene wa nusu milimita na hutajua ni ukingo upi uliokusudia. Ukimaliza, gusa uzi kidogo tu kwa ncha ya kidole juu ya mstari wa 12 na kuupiga: ukitoa mlio mwembamba, safi kama wa kengele, mstari uko mahali pake.

Kabla hujaubandua ubao, hata hivyo, jichunguze unavyokaa. Nyuzi ziko milimita 10 juu ya mistari, na anayetazama kwa pembeni huona chuma kiko mahali ambapo hakipo. Jicho lililo nusu mita juu ya nyuzi na sentimita 15 pembeni hukosea kwa milimita tatu. Nilikwisha kumrudishia kijana mmoja gitaa lake bila kulifanyia lolote zaidi ya kumsogeza kiti, akaondoka akiamini kwamba nimelitengeneza upya.

Jambo jingine ambalo watengenezaji wapya hulikosea ni vijia vya nyuzi kwenye kizingiti. Chuma hukaa juu ya nyuzi, kwa hiyo migongo ya nyuzi ndiyo inayopaswa kuwa katika usawa mmoja, wala si matumbo yake. Uzi wa sita unaweza kuwa mnene kuliko wa kwanza kwa nusu milimita, na kijia chake lazima kichimbwe zaidi kwa kiasi hicho hicho. Laza rula juu ya nyuzi zote sita na uangalie mwanga kwa chini yake. Palipo na mwanga, ndipo uzi utakapokwaruza badala ya kuimba.

Marehemu babu yangu, aliyetoka Unguja, alipenda sana nyimbo za filamu za Kihindi, na ndani yake kuna sauti inayolia kama mtu anayeomboleza. Je, ni gitaa hili? Linaweza kutengenezwa lenye nyuzi nyingi kama nilivyoona? — Msomaji, Maskati

Mara nyingi ndilo, ingawa baadhi ya sauti hizo ni za sarangi, chombo cha Kihindi kinachopigwa kwa upinde, au fidla. Gitaa la Hawaii lilifika India mapema, na Tau Moe, mpigaji wa visiwani, aliishi huko na familia yake katika miaka ya 1940 akipiga na kufundisha. Baadaye Brij Bhushan Kabra akaliingiza katika muziki wa raga, ule wa jadi wa India, na Vishwa Mohan Bhatt akabuni chombo alichokiita Mohan Veena, ambacho, pamoja na nyuzi za kupigwa, kina nyuzi 12 za mwitikio zisizoguswa na mtu, zinazotikisika zenyewe pale nyuzi za juu zinapolia sauti inayolingana nazo.

Kulitengeneza inawezekana, lakini si kwa mikono inayoanza. Kila uzi unaoongeza unahitaji mahali pa kukazwa, kijia chake na mvuto wake, na uso mwembamba wa gitaa la kawaida lenye uwazi utazama chini ya daraja ukiongeza nyuzi 12 bila kuuimarisha kwa ndani. Tengeneza kwanza matatu ya nyuzi sita.

Gitaa langu la umeme linanguruma hata nisipopiga. Nikizigusa nyuzi mngurumo unapungua. Tatizo ni pikapu niliyoizungusha mwenyewe? — Msomaji, Dodoma

Kwa wasomaji wengine, pikapu inayozungumzwa hapa si gari. Ni ile koili ya waya mwembamba wa shaba iliyozungushiwa sumaku na kuwekwa chini ya nyuzi, nayo hugeuza mtikisiko wa chuma kuwa umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya.

Huenda pikapu yako haina kosa. Koili moja, mara nyingi mizunguko 8,000 hivi ya waya wa namba 42, ni antena nzuri kupita kiasi, hivyo huokota mngurumo wa umeme wa nyumbani kutoka kwenye taa za mirija, chaja na transfoma ya amplifaya yenyewe. Kwa kuwa mngurumo hupungua unapozigusa nyuzi, tunajua kwamba waya wa ethi umefika kwenye daraja kama inavyotakiwa, na kwamba mwili wako ndio unaouleta mngurumo huo mpaka unapounganishwa na ethi kupitia nyuzi. Kinachokosekana ni kinga. Chimbo linalobeba pikapu na vitufe vya sauti livalishe ndani, chini na pembeni, kwa karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vikipishana na kulehemiwa vigusane, kisha uunganishe karatasi hiyo na waya wa ethi. Karatasi ya alminiamu ya jikoni hufanya kazi hiyo pia, ila haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo utalazimika kubana waya wake kwa skrubu. Kisha kaa mita mbili kutoka kwenye amplifaya na uligeuze gitaa taratibu mpaka upate upande ambao mngurumo hufifia. Mpigaji wa gitaa la mapajani, ambaye hukaa kitini, ana bahati ya kuweza kubaki upande huo wimbo mzima.

Nikuonye jambo moja kwa uzito. Mkono wako wa kushoto unashika chuma kilicholala juu ya nyuzi, na nyuzi zimeunganishwa na mwili wa amplifaya. Amplifaya mbovu iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi inaweza kukuua. Mwite fundi umeme aipime soketi hiyo kabla ya kununua karatasi ya shaba.

Fundi wetu, nilipuliza laka mwezi wa Aprili, gitaa likawa na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Nikaongeza tabaka nene kuufunika, sasa uso unashika alama za vidole na una vishimo vidogo kama vya sindano. Nifanye nini, na wewe mwenyewe unatumia nini? — Msomaji, Tanga

Dada, umeandika mwezi, na mwezi ndio jibu la swali la kwanza. Laka hukauka kwa thina kuruka hewani, na thina inaporuka kwa kasi hupoza uso wa mbao. Hewa ya Tanga wakati wa masika imejaa maji, na maji hayo hutua kwenye uso uliopoa kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, yakanaswa ndani ya laka. Ungelitambua mapema, ungepuliza tabaka jepesi la thina inayokauka polepole, nayo ingelainisha laka na kuyaachia maji yaondoke. Ulipoongeza tabaka nene ulifunga mlango. Sasa tabaka la juu limeshika, la chini bado bichi, na ndiyo sababu vidole vinaacha alama. Vile vishimo, ikiwa ni vya mviringo na kingo zake zimeinuka, kwa kawaida hutokana na mafuta yenye silikoni, kama yale ya kung'arishia samani na dashibodi, yaliyogusa mbao au kitambaa chako. Lakini vikiwa vimefuata mistari ya nyuzinyuzi za mti, basi ni vinyweleo ambavyo hukuvijaza.

Pole kwa nitakalolisema: iondoe yote. Tumia skrepa ya bamba la chuma, halafu msasa namba 120, 180 na 220, ukifuata mkondo wa mti, bila kuruka namba, maana mikwaruzo ya 120 iliyofichwa na haraka itajitokeza yote siku utakapoanza kung'arisha. Lowesha uso kwa kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzinyuzi zisimame, acha ukauke, kisha pitisha msasa wa 220 mara moja tena. Kama mti wako ni mninga au mpingo, futa uso kwa kitambaa kilicholoweshwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, kwa kuwa miti hii ina utomvu unaozuia baadhi ya vanishi kukauka, na mninga hutoa rangi nyekundu inayoweza kuchafua mistari yako myeupe.

Mimi laka nimeiacha. Si kwa sababu ni mbaya, bali karakana yangu ni banda lenye kuta za mabati, bila chumba cha kupulizia, na kila nzi wa mtaa hujisikia amealikwa. Natumia shelaki, ile inayouzwa kama magamba ya rangi ya kahawia, ambayo hutokana na utomvu wa mdudu wa India na huyeyuka katika spiriti. Kwa tabaka la kwanza nayeyusha gramu 120 katika lita moja, kwa yanayofuata naongeza mpaka mara mbili. Napaka kwa bunda: pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa cha fulana kuukuu kilichofuliwa sana, likiwa na unyevu tu bila kudondosha, na tone moja la mafuta ili lisinate. Mkono huingia usoni ukiwa tayari unatembea, kama ndege inavyogusa uwanja, na hutoka ukiwa bado unatembea. Ukisimama hata kwa kupepesa jicho, bunda litanata na kung'oa kazi ya asubuhi nzima. Matabaka matatu au manne kwa siku, kisha pumziko la usiku, kwa siku tano au sita. Shelaki iliyokaa katika chupa mwaka mzima usiiamini. Tone lake likiwekwa juu ya kioo na kubaki laini hadi kesho yake, imwage.

Udhaifu wake ni pombe. Tone la bia au kitakasa mikono huacha doa papo hapo, ingawa doa hilo hurekebishika kwa bunda lile lile, jambo ambalo vanishi ngumu za kuchanganya mbili haziruhusu. Anayepiga kwenye baa nampakia mafuta ya kitani yaliyochemshwa badala yake, matabaka membamba yanayofutwa yote baada ya robo saa. Matambara ya mafuta hayo usiyaviringishe na kuyatupa pembeni, kwa sababu hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandaze nje kwenye waya mpaka yakauke na kuwa magumu.

Ukirudi kwenye laka, subiri kiangazi, upulize saa sita mchana na si asubuhi, kwa matabaka ambayo mwanzoni utadhani hayatoshi. Kisha litundike gitaa kwa wiki nne. Laka huendelea kusinyaa muda wote huo, na ukilisugua kwa msasa wa 1000 na dawa ya kung'arishia kabla ya wakati, uso ulio laini leo utakuwa umezama ndani ya vinyweleo mwezi ujao. Usilisimamishe pia kwenye stendi yenye sponji au mpira, kwa kuwa vitu hivyo huiyeyusha laka ya aina ya nitro polepole na kuacha alama isiyofutika.

Nikiwa bado kwenye vanishi, wewe wa Tanga una haki ya kujua kwamba katika karne ya 19 pwani yetu ndiyo iliyoipatia dunia vanishi zake bora. Sandarusi, utomvu wa miti uliogeuka mgumu, iliyochimbwa ardhini huku bara la Mrima ilipitia Zanzibar kwenda hadi Salem, Massachusetts, ikapakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri. Nimewahi kuyeyusha kipande kidogo cha sandarusi kwa ajili ya gitaa moja. Kilitoa moshi mwingi, harufu tamu, na vanishi isiyotosha hata kichwa cha gitaa.

Gitaa limekamilika na limeng'aa kama kioo, lakini linateleza mapajani kila ninapotelezesha chuma kuelekea darajani. — Msomaji, Bujumbura

La kwangu la kwanza liliteleza likaanguka sakafuni kwa kona, na kona hiyo niliigeuza kuwa mviringo, nikawaambia watu kwamba ndivyo nilivyokusudia. Mgongo wa gitaa la mapajani haupaswi kung'aa. Ukwangue kwa msasa wa 320 mpaka mng'ao wote uishe, na uuache na tabaka moja tu jembamba la shelaki la kuzuia jasho. Kama suruali yako ni ya kitambaa laini, gundisha vipande viwili vya ngozi, upande wake wenye manyoya ukitazama nje, kimoja chini ya daraja na kingine chini ya mstari wa tano. Fundi viatu wa mtaani kwako atakuwa na mabaki yanayotosha.